Masika ya Viti Ishirini na Vitatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo saa nne asubuhi tumepoteza mfadhili. Miaka saba ya ruzuku imekwisha kwa barua pepe ya mistari minne, na mmoja kati ya hiyo minne ni salamu. Mfuko uliokuwa ukitulipia kodi ya kiwanja, matairi, beringi na mishahara ya watu wawili "umebadili mwelekeo". Fedha iliyobaki inatufikisha mwisho wa Juni. Baada ya hapo karakana inafungwa.

Naandika ili siku mtu akiuliza ilikuwaje, tarehe zisibishaniwe. Mimi si mtu wa shajara, ni fundi wa kuchomelea. Nilianza na mageti na madirisha, na hakuna aliyenishika mkono. Mama mkwe alipopata kiharusi, nilinunua kiti cha magurudumu kutoka kwenye vyuma chakavu vya hospitali, nikakifufua. Alipofariki, jirani akaja kukiomba. Nikamwambia kuomba hapana, kuazima ndiyo. Shida yako ikiisha kinarudi, nakinyoosha, kinakwenda kwa mwingine. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi mpaka leo. Kile cha mama mkwe kiko kwa mtu wa tano. Vyote ni thelathini na nane, na sikumbuki mara ya mwisho kiti kizima kulala karakana wiki nzima.

Barua ilipoingia nilikuwa nachomelea ekseli. Niliimaliza kwanza.

Sindano, mzee anayetushonea mito ya viti, akaniangalia juu ya miwani. "Bosi, habari njema au mbaya?"

"Ya mistari minne."

"Basi mbaya. Njema huwa ndefu, wanataka uwashukuru."

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amekuja na tabasamu. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu, karani mstaafu, na ndiye katibu wa shirika letu. Nilimpa ukatibu kwa sababu anajua kuandika barua na kwa sababu alikuwa anakaa nyumbani kugombana na redio. Husema kila kitu kama anasoma risala.

"Shemeji," akaniambia, "mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa."

"Umefunguliwa na nani?"

Kuna taasisi nyingine ya hisani. Wanaiita Mfuko, kama ilivyokuwa ile ya kwanza. Inatoa ruzuku ya miaka mitatu kwa mashirika madogo. Maombi mwisho tarehe 2 Aprili, uamuzi Juni. Nikapiga hesabu kichwani. Kama watatoa, karakana ipo hadi mjukuu wa Sindano amalize shule. Kama hawatatoa, hakuna Mfuko wa tatu, kwa sababu hakuna muda wa kuuomba.

"Wangapi wataomba?"

"Mwaka jana waliomba mia nne."

"Wakapata?"

"Kumi na wawili." Akakohoa. "Lakini chanda chema huvikwa pete."

Tatu kwa mia. Hata bahati nasibu ya kanisani ina nafuu.

Jumanne, 19 Machi

Tumekaa na fomu siku nzima. Swali la nne linasema: "Elezeni mabadiliko mnayotarajia kuyaleta." Nikamwambia Shemeji aandike kwamba mtu alikuwa sakafuni na sasa yuko kwenye kiti.

"Haitoshi, shemeji. Wametoa nafasi ya maneno mia tatu."

"Basi yabaki."

Akaandika kuhusu ujumuishaji, uwezeshaji na ustawi wa kaya. Nilipomwuliza kaya ndiyo nani, akasema ni Mwalimu, mmoja wa wenye viti vyetu, na kaka yake. Angeandika hivyo ningeelewa.

Swali la kumi na moja: "Mmegawa viti vipya vingapi?" Jibu letu ni sifuri. Hatugawi, na si vipya. Nafasi ya kueleza haipo, kuna kisanduku cha tarakimu tu. Shemeji alitaka aweke thelathini na nane. Nikakataa. Ameweka sifuri huku akinung'unika kama anayejitia kidole jichoni.

Jumatano, 27 Machi

Wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Tunazo. Nilizitunza mwenyewe. Sikuona mtu akishangaa.

Jumanne, 2 Aprili

Tovuti yao imetutoa mara tatu. Umeme umekatika mara mbili. Tumetuma saa tano na dakika arobaini usiku, mwisho ulikuwa saa sita. Shemeji alinyanyua mikono kama mchezaji aliyefunga bao. Nikarudi kwenye kiti kilicholetwa asubuhi, gurudumu la mbele limejaa udongo hadi beringi zimekuwa kama kokoto.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Viti saba vimeletwa kutengenezwa wiki hii, vyote beringi. Masika hula beringi kama mchwa anavyokula mlango. Wenyewe wanangoja palepale kwenye benchi, tunatengeneza, wanaondoka navyo. Jioni karakana imebaki tupu, ufagio na mimi.

Jumanne, 23 Aprili

Tumevuka hatua ya kwanza. Kati ya wote walioomba wamebaki thelathini. Shemeji alikuja mbio, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Sindano akamkumbatia na sindano ikiwa mdomoni. Mimi nilisema "Vizuri," na ni kweli ni vizuri. Nilingoja furaha ifike, nikaona inachelewa, nikaendelea na kazi.

Afisa wa Mfuko alipiga simu. Sauti ya binti mdogo, mpole sana. Katika mazungumzo ya dakika tano alitaja vigezo mara tisa. Simu ilikuwa kwenye spika, Sindano akihesabu kwa vidole. Tangu leo jina lake hapa ni Vigezo.

Atakuja kutuona Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi.

Jumatatu, 6 Mei

Shemeji amesimama katikati ya karakana, mikono kiunoni, akazunguka kama mnunuzi wa nyumba.

"Ataona nini hapa?"

"Mashine, vyuma, cherehani ya Sindano."

"Na viti?"

"Viti viko kwa watu."

"Ndiyo hapo sasa. Atakuta ukumbi mtupu. Ataandika kwamba sisi ni shirika la mkobani, watu wawili na mhuri. Wameshatapeliwa hawa, shemeji, wanaogopa."

Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Hicho kizuri kitajiuza kwa nani kama hakionekani?"

Sindano, ambaye humwita Shemeji Mheshimiwa, akacheka. "Hapo Mheshimiwa amekushika, bosi."

Mpango wa Shemeji ni huu. Tuazime viti vyetu kutoka kwa watu kwa asubuhi moja. Tukodi pikapu, tuvikusanye alfajiri, tuvipange, mgeni aone, saa nane mchana kila kiti kimerudi kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilimwambia nitafikiri.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefikiri. Ishirini na vitatu viko karibu na barabara ya lami, pikapu inafika. Nimekubali. Sharti langu ni moja tu: hakuna anayebaki peke yake nyumbani. Shemeji amepita kwa kila mmoja kuomba. Hakuna aliyekataa. Wengine wamekifuta kiti chao wenyewe kabla hajaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mto umepanda hadi ukingo wa soko.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi na moja alfajiri Shemeji na dereva wa pikapu walianza. Safari tatu. Saa tatu viti ishirini na vitatu vilikuwa vimepangwa safu nne, magurudumu yamefutwa kwa mafuta. Sikuwahi kuviona pamoja. Niliviangalia na kichwani nikaviita kwa majina ya watu. Cha kumi na nne ni cha Mwalimu. Alikuwa akifundisha sekondari kabla ya ajali, sasa anawafundisha watoto wa mtaani hesabu sebuleni kwake kwa ada ndogo, na ubao ameuning'iniza kwa kimo cha mtu aliyekaa. Kaka yake anashinda kazini. Jirani alisema atakaa naye.

Saa nne, hakuna mgeni. Saa tano Vigezo alipiga simu, daraja limefunikwa na maji, wanazunguka. Nikamwambia Shemeji turudishe viti.

"Wakifika tukiwa njiani je? Shemeji, saa moja tu."

Saa sita nikasema tena. Saa nane nikasema tena. Kila mara ilikuwa saa moja tu. Ningeweza kuondoka na kuanza kuvipakia mwenyewe, maana mikono ninayo. Sikufanya.

Alifika saa tisa na nusu. Binti mwembamba, viatu vya raba, daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sikupata sababu. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji kuangalia nilivyotengeneza breki. Aliuliza beringi hudumu muda gani wakati wa mvua, na hakuna afisa aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwonyesha iliyokufa na iliyo nzima, akazizungusha zote mbili karibu na sikio.

Kisha akasimama mbele ya safu. Alivihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Hivi vyote ni vya shirika?"

"Vyote ni vyetu, dada," Shemeji akajibu, na hakusema uongo.

"Viko katika hali nzuri sana."

"Tunavitunza."

Akaandika. Akapiga picha nne. Akanigeukia mimi, akangoja kidogo, kama mtu anayetarajia kitu kiongezwe. Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Nilichosema ni kwamba beringi zilizozibwa zisiingie maji zingetuokolea nusu ya matengenezo. Akaandika na hilo pia.

Aliondoka saa kumi na moja kasorobo. Tukapakia viti mbio. Cha Mwalimu kilikuwa safari ya pili.

Jirani hakuwepo. Maji yalikuwa yameingia kwenye kibanda chake sokoni tangu saa saba, akaitwa, akakimbia, akidhani kiti kinarudi saa nane kama tulivyosema. Mwalimu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango wa choo. Alikuwa amengoja saa nane, akangoja saa tisa, baadaye akajaribu mwenyewe kwa kushika kiti cha mbao. Kiti cha mbao kiliteleza. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja mahali ambapo mkono haujikunji.

Alipotuona alisema, "Fundi, mgeni amependa?"

Shemeji, na miaka yake sitini na minne, aliinama, akamweka mgongoni, akamtoa hadi barabarani kwenye matope yanayofika kwenye vigimbi vya miguu. Kwa maji yale pikapu isingefika mlangoni. Nilibeba kiti nyuma yao. Alikuwa akipumua kama msumeno. Sikujua kama ana nguvu hizo.

Ijumaa, 17 Mei

Mfupa umevunjika mahali pawili. Plasta hadi juu ya kiwiko. Daktari anasema miezi mitatu, na huenda vidole visirudi vyote. Ni mkono wa kuandikia na wa kusukumia.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda kuomba msamaha. Alisema, "Umeshasamehewa, kaa." Nilikaa. Ubaoni kulikuwa na sehemu ya hesabu aliyoiacha Jumatano, theluthi mbili toa robo. Nikaikamilisha kichwani. Hakuna mtoto aliyekuja.

Jumamosi, 25 Mei

Kazi. Viti vitano, beringi.

Sindano amesema nimekuwa kama mashine iliyosahauliwa kuzimwa. Nikamwambia mashine hailipwi. Akasema, "Na wewe kuanzia Julai."

Jumatatu, 3 Juni

Jana Mwalimu aliniambia, "Umeniomba msamaha mara mbili. Sihitaji wa tatu. Nahitaji kiti cha mkono mmoja."

Ukisukuma gurudumu moja tu, kiti kinazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia. Kwa hiyo unaweka mapete mawili ya kusukumia upande mmoja, kubwa na dogo. Kubwa linazungusha gurudumu la upande huo, dogo linapeleka mzunguko kwa ekseli hadi gurudumu la upande wa pili. Ukiyashika yote mawili kwa pamoja, kiti kinakwenda mbele. Nimeiona kwenye picha. Sijawahi kuitengeneza.

Shemeji huenda kwake kila asubuhi. Anabeba maji, anafuta ubao. Jana watoto wawili walirudi, Mwalimu anasema hesabu kwa mdomo, Shemeji ndiye anayeandika ubaoni. Wanamcheka mwandiko wake wa risala. Amenunua chaki kwa fedha yake. Nimejua kwa Sindano, mwenyewe hakuniambia.

Ijumaa, 7 Juni

Ekseli ya kwanza imepinda. Nimeikata.

Jumatatu, 10 Juni

Barua ya Mfuko imefika. Si mistari minne, ni kurasa mbili. Nakumbuka alichosema Sindano kuhusu habari ndefu, lakini hii haikuwa njema.

Wametusifu kwa hesabu. Wamesifu ufundi. Kisha: "Hata hivyo, ziara ilibaini akiba kubwa ya viti visivyotumika, jumla ishirini na vitatu, vikiwa katika hali nzuri, wakati fomu ya maombi inaonyesha viti vilivyogawiwa ni sifuri. Baraza linashauri shirika ligawe kwanza vifaa lilivyonavyo kabla ya kuomba fedha zaidi." Ombi limewekwa kando. Baraza litakaa kwa mara ya mwisho mwaka huu Alhamisi tarehe 27 Juni kupitisha majina kumi na mawili.

Nimeisoma mara mbili. Sifuri ni yangu. Ishirini na vitatu ni ya Shemeji, na mimi nilikubali. Ukiziweka pamoja zinatoa jibu sahihi kabisa kuhusu shirika lisilokuwepo.

Shemeji alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sindano alizima cherehani.

"Tulijaza ghala," Sindano alisema mwishowe, "mgeni akadhani hatuna watoto wa kulisha."

Jumatano, 12 Juni

Nimempigia Vigezo. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu jana, nimeyapanga kama vipuri mezani.

"Viti vile vina wenyewe," nikamwambia. "Si akiba."

"Mama, mimi niliandika nilichokiona."

Maneno yote niliyoyapanga hayakuwa na pa kuwekwa. Alichokiona ndicho tulichomwonyesha.

"Wenyewe walikuwa wapi siku ile?" akauliza.

Nikasema nitaandika. Akasema niandike kabla ya baraza, kwa maandishi na saini, kwa sababu la simu hawezi kulipeleka. Sauti yake haikuwa na kigezo hata kimoja.

Jumatatu, 17 Juni

Mwenye kiwanja amepita. Amepata mpangaji anayetaka kuweka matofali. Ananipa hadi Ijumaa tarehe 28, saa kumi na nusu jioni. Nikiwa na barua ya ruzuku, nabaki. Nisipokuwa nayo, nampa funguo siku hiyohiyo, apate kushusha mchanga Jumamosi. Hakuwa mkali. Kiti namba tisa kiko kwa mama yake.

Alhamisi, 20 Juni

Ekseli ya tatu imekubali. Nimeifunga kwenye kiti cha Mwalimu, nikampelekea. Alikaa, akashika mapete mawili kwa mkono wa kushoto, akagonga meza. Akarudi nyuma, akagonga kitanda. Mara ya tatu akapita mlangoni hadi barazani, akageuka, akarudi. Watoto wanne waliokuwa na madaftari walipiga makofi.

"Breki ipo mbali," akasema.

"Nitaisogeza."

"Karakana ikifungwa utaisogezea wapi?"

Nikamweleza yote, barua, akiba, sifuri, mwenye kiwanja. Nikamwambia nikiandika ukweli itabidi niseme kuhusu mkono wake, na sitaandika bila ruhusa yake.

"Waandikie nilimwazima mgeni miguu yangu kwa asubuhi moja, na asubuhi ikaisha jioni. Jina langu usiweke. Wasije wakapiga picha."

Jumatatu, 24 Juni

Tumegombana na Shemeji. Saa nzima, sauti juu, Sindano akitazama kitambaa kama kina maandishi.

"Ukiandika kwamba tulivipanga, umetuua! Hakuna Mfuko utakaotugusa tena. Watasema tunaigiza."

"Tuliigiza."

"Tulipamba! Nyumba ikipata mgeni hupambwa."

"Kwa vitanda vya wagonjwa?"

Akageuza uso. Nilijua nimepiga penye jeraha, na sikusikia uchungu wala raha. Miezi hii minne ninasikia mambo kama mtu aliyevaa glavu.

Baadaye akasema polepole, bila risala, "Shemeji, lile wazo ni langu. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja bila onyo hata moja. Ukiandika, litakuwa onyo langu la kwanza."

"Sitaandika kwamba ni lako. Nitaandika tulipanga. Mimi ndiye niliyehesabu viti."

Mwaka jana ningesema ni mtu wa maneno tu. Huyu mtu wa maneno alimbeba Mwalimu kwenye matope na hajalisema hata siku moja.

Akaomba aisome rasimu. Palipoandikwa "tulikudanganyeni" alitaka paandikwe "palitokea mkanganyiko". Nikakataa. Akahesabu kwa kidole makosa yangu mawili ya tahajia, akayarekebisha, akatia saini ya katibu chini ya yangu. Saini imetoka kama ya mtu mwingine.

Jumanne, 25 Juni

Hakuna mvua, siku ya nne. Nimeipeleka barua kwa mkono hadi ofisi yao, wamegonga mhuri wa kupokea saa tatu na robo asubuhi. Naiweka hapa kama ilivyokwenda.

Kwa Baraza la Mfuko,

Tarehe 16 Mei afisa wenu aliona viti ishirini na vitatu katika karakana yetu na kuandika kwamba ni akiba isiyotumika. Aliandika sawasawa na alivyoona. Sisi ndio tuliokudanganyeni kwa macho. Viti vile vina watu. Tulivikusanya kutoka majumbani mwao alfajiri ile kwa sababu tuliogopa kwamba mkikuta karakana tupu mtadhani hatufanyi kazi. Tuliahidi kuvirudisha saa nane mchana. Tulivirudisha jioni.

Mmoja wa wenye viti alimwazima mgeni miguu yake kwa asubuhi moja, na asubuhi ikaisha jioni. Alianguka alipojaribu kufika chooni bila kiti. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Ni mwalimu. Hatuombi ruzuku kwa ajili ya mkono huo. Tunautaja kwa sababu ni gharama ya siku ile na haikuwemo kwenye ripoti.

Fomu yenu iliuliza tumegawa viti vipya vingapi. Tulijibu sifuri na ndivyo ilivyo. Hatugawi, tunaazimisha, na kiti kikirudi tunakitengeneza kiende kwa mwingine. Tunavyo thelathini na nane. Kwa miaka saba vimekaliwa na watu mia moja kumi na wawili. Orodha ya watu hao imeambatanishwa kwa namba, bila majina. Leo vyote thelathini na nane viko kwa watu, na ninapoandika haya karakana ina mashine, cherehani na benchi. Tumeni mtu yeyote, siku yoyote, bila kutuarifu. Atakuta patupu. Mwambieni akae kwenye benchi hadi mchana, ataona wanavyoingia.

Tukifunga, viti vitabaki kwa wenyewe hadi beringi zitakapokufa. Kwa mvua kama za mwaka huu ni miezi mitano, wengine sita. Baada ya hapo watarudi sakafuni mmoja mmoja, na hakutakuwa na wa kuwaandikia ripoti.

Mkisema hapana kwa sababu tulipanga safu zile, tutaelewa, na sitakata rufaa. Lakini msiseme hapana kwa sababu ya akiba, maana haipo. Na msituwekeni kando tena. Kando hapana kodi wala matairi.

Baraza linakaa Alhamisi. Msiniandikie kwamba mmepokea, mhuri wenu ninao. Msiniandikie kwamba suala linafanyiwa kazi. Saa kumi na nusu jioni ya Ijumaa, tarehe 28 Juni, mwenye kiwanja atasimama mlangoni kwangu na mkono wazi, na lazima nijue kama naweka funguo humo. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kwa simu au kwa barua, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulisema. Nalitaka kabla ya saa kumi jioni siku hiyo. Ni lipi?